Mwalimu Aulikki, Aliyemnyima Mumewe Kombe

Tarehe 31 Mei mwaka huu, baada ya miaka thelathini na nne ya kufundisha, Mwalimu Aulikki Tirkkonen anastaafu kutoka Chuo cha Watu Wazima cha Kuusilahti. Kamati ya sherehe ilinikabidhi mimi, mwalimu wa kwaya, kazi ya kuandika wasifu wake, ikanipa masharti mawili: uwe mfupi, na nisimtaje yule samaki. La kwanza nitajitahidi. La pili, ndugu zangu, haliwezekani. Kumuaga Aulikki bila kumtaja yule samaki ni kama kuingia sauna na koti.

Alikuja kwetu majira ya vuli ya mwaka 1990, kufundisha kupiga taipu. Wakongwe wa hapa wanakumbuka alivyobandika utepe mweusi juu ya kila herufi ili wanafunzi wasichungulie. Kulikuwa na mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa ambaye vidole vyake vilikuwa vinene mno, kila akibonyeza herufi moja zinatoka mbili. Akamlalamikia mwalimu. Aulikki akaviangalia vile vidole kwa heshima zote, akamwambia, "Basi anza na maneno ambayo herufi zake ni majirani." Yule mfugaji alimaliza kozi. Barua zake zilisomeka vizuri tu, ingawa zilikuwa na msamiati wa kipekee.

Kompyuta zilipokuja, mashine za taipu zikapelekwa stoo, na Aulikki akahamia chumba cha kompyuta na chungu chake cha maua bila kusubiri mtu amwambie. Akafundisha kuandika barua, kutuma picha kwa wajukuu, kulipa bili. Alikuwa mwalimu mzuri na, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amechoka kama soksi. Hapo ndipo alipokosea mlango.

Chuo kilikuwa kimempeleka mji wa chuo kikuu, wakati wa kiangazi, akajifunze majedwali mapya ya hesabu. Akaingia chumba kisichokuwa chake, akaketi safu ya mbele, akafungua mkoba. Mhadhiri, kijana mwenye soksi za sufu ndani ya ndala, akaanza kuzungumzia uandishi wa programu kwa mtindo wa funksheni. Aulikki akadhani ni utangulizi. Utangulizi ukaendelea mpaka mapumziko ya kahawa.

Wasomaji wa taarifa hii wananielewa: sisi watu wa hapa, tukishaketi mahali, kunyanyuka mbele za watu na kutoka ni aibu kuliko kutumbukia ziwani na nguo. "Nikasema, nikitoka sasa watajua nimepotea," alitusimulia. "Nikichukua andazi la pili, watadhani ni mwanafunzi." Akachukua andazi la pili. Akakaa wiki nzima. Siku za mwanzo hakuambulia kitu. Halafu, katikati ya somo, akaangua kicheko peke yake, na yule kijana akageuka ubaoni akiwa na wasiwasi kwamba suruali imechanika. Haikuchanika. Aulikki alikuwa ameelewa.

Aliporudi alitukuta kwenye chumba cha walimu tukinywa kahawa, akaingia na viatu vyake vya nje, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada.

"Jamani, nimeona programu isiyodanganya!"

"Kwani zangu zinanidanganya?" nikamuuliza.

"Zako, Ilpo, zinabadilika nyuma ya mgongo wako. Unaweka sukari kabatini, ukirudi unakuta chumvi, na hakuna anayekiri nani kaibadili. Hii haifanyi hivyo. Unaipa funksheni kitu, inakurudishia jibu. Uipe kitu kile kile kesho, uipe ukiwa na mafua, uipe ukiwa Uswidi, jibu ni lile lile. Na kabati lako hailigusi."

Tukamwambia hongera, tukamwomba avue viatu.

Ikatokea kwamba mwaka ule ule halmashauri ilizitangaza laptopu za darasa lake kuwa mzoga. Mfumo endeshi wa kununua uliokuwa ndani yake ulikuwa umenenepa kila mwaka, na mashine zilikuwa zile zile. Kuwasha moja ilikuwa kama kumwamsha dubu aliyelala usingizi wake wa majira ya baridi. Lori la chakavu lilipokuja, Aulikki alisimama mlangoni na mikono kiunoni. Dereva, ambaye aliwahi kufundishwa taipu na yeye, aliondoka na pazia kuukuu moja na samahani.

Akafuta kila kitu, akaweka Linux ya aina nyepesi kabisa, programu huria, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua aone ndani, kuirekebisha na kumgawia jirani. Tulikusanyika kutazama ikiwashwa. Mimi nilikuwa bado navua glavu ya pili, mashine ikawa imeshaamka na inatungoja.

"Loh!" akasema Hilja Asikainen. "Mie mwenyewe siamki hivyo."

Hilja ni mkunga mstaafu, tayari alikuwa amevuka themanini, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha kwa kozi mpya ya Aulikki: kuandika programu kwa mtindo wa funksheni, kwa wanaoanza, kwa mashine nyepesi na programu huria. Mimi nilijiandikisha kwa sababu waimbaji wangu wote wa sauti ya besi, ninaowafundisha peke yao Jumanne, walikuwa na mafua na jioni yangu ilikuwa wazi. Tulikuwa kikundi kidogo cha wakulima, wastaafu na fundi bomba mmoja, na kila mtu alirudi nyumbani na nakala ya ule mfumo mfukoni. Ndani ya mwezi mmoja, laptopu zilizokuwa zimelala darini na kwenye mabanda ya kuni Kuusilahti nzima zilikuwa zinafufuka.

Somo lililotutoa jasho lilikuwa la funksheni inayojiita yenyewe. Fundi bomba akakataa katakata, akisema kitu kinachojiita chenyewe hakitaisha, na amewahi kuona bomba la namna hiyo. Aulikki akaleta ndoo ya viazi.

"Tumenye. Ndoo ikiwa tupu, tumemaliza. Ikiwa si tupu, menya kiazi kimoja, kisha umenye ndoo iliyobaki."

"Na hiyo iliyobaki naimenyaje?"

"Hivyo hivyo. Ni tupu? Hapana? Menya kimoja, kisha iliyobaki."

Tukamenya. Mahali fulani karibu na nusu ya ndoo, fundi bomba akasimama na kisu mkononi, macho yakamtoka, akapiga kelele, "Sikuambiwa lolote kuhusu ndoo nzima! Kila mara nimeshughulika na kiazi kimoja tu!" Jioni ile tulikula viazi kwa siagi na bizari, tukicheka kama watoto waliofungiwa dukani.

Mashine nayo ilikuwa kali. Ukiiambia ijumlishe jina la mtu na uzito wa samaki, inakataa hata kuanza. Hilja alikasirika: "Inaniambia nimekosea, na sijafanya kitu bado!"

"Ishukuru, Hilja. Imekwambia ukiwa mlangoni. Nyingine zingekuacha ufike katikati ya barabara."

Hilja akaitazama mashine. "Basi ni mkunga mzuri," akasema, akasahihisha.

Sasa nifike kwa Urpo Hakkarainen, ambaye ameshasoma sehemu hii na kuniruhusu, ingawa aliguna. Urpo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya elimu ya halmashauri, na kwa kuwa mji wetu ni mdogo, alikuwa pia mwenyekiti wa klabu ya wavuvi wa barafuni, wanaotoboa ziwa lililoganda na kuvua kupitia tundu. Majira ya baridi ya mwaka wa tatu wa kozi alikuja darasani, akatuona tunabishana kuhusu orodha tupu, akatikisa kichwa.

"Aulikki, nakuheshimu sana. Lakini nani hapa Kuusilahti anahitaji hizi funksheni? Ninyi mko wachache, na chumba kinahitajika kwa mazoezi ya mgongo. Nitapendekeza kozi ifungwe."

"Mashindano yenu ya Machi," akasema Aulikki, "mwaka jana matokeo yalitoka lini?"

Urpo akawa mwekundu. Kila mtu alijua. Wino wa kalamu uliganda, karatasi zililowa, matokeo yalitoka watu wakiwa wameshaenda nyumbani, na ndugu wawili wa upande wa kiwanda cha mbao hawajaongea hadi leo.

"Tupe mashindano yako," akasema Aulikki. "Matokeo yakitoka kabla supu ya njegere haijaisha, kozi inabaki. Yasipotoka, nitavibeba viti mwenyewe kuwapisha watu wa mgongo."

Wakapeana mikono. Tukafanya kazi kama tumepagawa. Kila mmoja alipewa funksheni yake ndogo: fundi bomba ya kujumlisha uzito, mwingine ya kupanga kuanzia mkubwa hadi mdogo. Hilja hakupewa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mshindani, na Aulikki hakutaka maneno. Mimi nilipewa kanuni ya nne ya klabu, inayosema kwamba hauki hahesabiwi katika jumla. Hauki ni yule samaki mrefu mwenye mdomo kama koleo. Akibahatika kukamatwa, ana zawadi yake ya pembeni ya samaki mkubwa kuliko wote, pakiti ya kahawa. Kombe ni la wale samaki wadogo wa mistari, jumla yao. Funksheni yangu ilikuwa mstari mmoja: pitia orodha, mwache nje kila hauki. Nilijivunia kuliko wimbo wowote niliowahi kuufundisha.

Siku ya mashindano ilikuwa na baridi ya kukata na jua la kupofusha. Ziwa zima lilijaa watu walioketi juu ya ndoo, kila mmoja na keekee yake, tundu lake na ukimya wake. Ndani ya hema la kupimia tulizifunika laptopu kwa sweta za sufu na chupa za maji moto. Klabu, kwa tahadhari, ilileta pia mashine yake mpya yenye mfumo wa kununua. Ilipoguswa tu ikatangaza kwamba inajisasisha na tafadhali tusiizime. Tukaiweka pembeni, ikiendelea kujisasisha kwa utulivu, na mtu akaegesha juu yake trei ya maandazi.

Na hapo, kelele zikapigwa katikati ya ziwa.

Alikuwa Taisto, mumewe Aulikki, dereva mstaafu wa malori ya magogo. Taisto alikuwa ameshindana katika klabu ile tangu ujana wake bila kushinda hata mara moja. Aliwahi kuwa wa pili, na akalizungumzia mpaka watu wakaanza kuvuka barabara wakimwona. Sasa alikuwa amelala kifudifudi juu ya barafu, mkono mzima ndani ya tundu, akipiga mayowe, na alipoinuka alikuwa amekumbatia hauki mkubwa kama mtoto wa shule. Watu wakamwinua mabegani. Wakamleta hemani wakiimba. Taisto alikuwa analia, na machozi yalikuwa yanaganda kwenye ndevu.

"Aulikki!" alisema. "Mama! Umeona?"

"Nimeona, Taisto," akasema Aulikki, akageukia mashine.

Tukaingiza uzito wa kila mtu. Aulikki akabonyeza. Jibu likatoka papo hapo, na Taisto alikuwa wa nne.

Urpo alikuwa amesimama nyuma yetu. Akainama sikioni mwa Aulikki, lakini Urpo hana sauti ya kunong'ona, kwa hiyo na mimi nilisikia.

"Sikiliza. Mwongeze tu huyo hauki. Watu wamefurahi, mzee amefurahi, mimi nimefurahi. Hiyo kanuni ya nne nani anaikumbuka? Kozi yako inabaki, nakuahidi."

Aulikki alimtazama mumewe kupitia mlango wa hema. Taisto alikuwa anapigwa picha na samaki wake, kofia imekaa upande, uso umeng'aa. Ningekuwa mimi, ningekifuta kile kimstari changu kimoja hapo hapo.

"Urpo," akasema Aulikki, "funksheni hii haimjui mume wangu. Nikiifundisha kumjua wa kwangu, kesho itabidi imjue na wa kwako."

"Sina mume."

"Basi shemeji yako. Tangaza."

Mshindi alikuwa Hilja Asikainen, ambaye alikuwa ameketi kutwa nzima nyuma ya matete akitoa samaki wadogo mmoja baada ya mwingine bila kusema neno, na sasa alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya supu. Jina lake liliposomwa, watu waliinuka kwenye ndoo zao. Kisha wakaanza. Eti mashine imeharibika! Eti mshindi ni mwanafunzi wa Aulikki, hii ni njama! Mmoja wa wale ndugu wawili akadai kombe likatwe vipande. Hata Urpo, akitafuta pa kujificha, alimwambia Hilja, "Lakini bibi, kwa umri wako, samaki wote hawa umewavuta mwenyewe?"

Hilja akalamba kijiko. "Urpo Hakkarainen, wewe nilikuvuta mimi, kilo nne na nusu, na ulikuja kwa matako. Hawa wadogo ndio wanishinde?"

Kicheko kilichopasuka nilihofu kitapasua barafu. Lakini Aulikki alikuwa hajamaliza. Alichukua programu yetu, iliyokuwa imechapishwa kwenye karatasi moja tu, akaibandika ukutani mwa hema.

"Ni programu huria," akasema. "Haina siri. Isomeni."

Wakaja na mabuti yao na vikombe vyao vya supu, wakasukumana. Kijana mmoja wa kiwandani akasoma kwa sauti, kidole kikipita juu ya mistari: "Chukua samaki wa kila mtu. Mtoe hauki. Jumlisha. Panga." Akageuka, amepigwa na butwaa. "Mbona hata mimi naielewa?"

Wakachukua penseli, ambayo haigandi, wakajumlisha wenyewe juu ya kifuniko cha sufuria. Jibu likawa lile lile. Wakarudia, likawa lile lile. Mpishi akatangaza kwamba supu ingali nusu.

Taisto alichukua pakiti yake ya kahawa, akamfunga hauki kwa kamba, akamburuta juu ya theluji hadi nyumbani bila kugeuka nyuma. Aulikki alibaki kukusanya chupa za maji moto. "Taisto ameoka mkate wa samaki kwa ajili ya leo," aliniambia. "Aliamka mapema kunichomea. Alijua nitashinda hapa bila kula."

Yaliyofuata nayajua kwa sababu Taisto mwenyewe ameyasimulia kila mahali penye kahawa. Hauki alipikwa, akaliwa, akasifiwa kwa kichwa tu. Kisha Jumamosi wakaingia sauna kama kawaida, wakaketi, Taisto akamwaga maji juu ya mawe.

"Hiyo mashine yako," akasema. "Kweli haikujua kuwa ni mimi?"

"Haikujua."

"Hata kidogo?"

"Taisto, ilipewa samaki tu. Ningeipa samaki wa askofu, ingemfanyia hivyo hivyo."

Akamwaga tena. "Na wewe ulijua kuwa ni mimi."

"Nilijua. Na ilinichoma."

Taisto akaanza kutikisika mabega. Aulikki alidhani analia. Alikuwa anacheka. "Askofu!" akasema. "Wa nne! Na joho lake!" Wakacheka mpaka mawe yakapoa.

Vuli iliyofuata darasa lilijaa hadi tukakalia madirisha. Kijana wa kiwandani alikuja, ndugu wale wawili walikuja na kuketi pembe tofauti, Urpo alikuja, akisema anakagua. Na mstari wa mbele kabisa aliketi Taisto. Hakuwa na kipaji. Alikuwa na kinyongo kitamu, na hicho kilimfikisha mbali. Aulikki alipofundisha kwamba funksheni inaweza kupewa funksheni nyingine kama mtu anavyokabidhiwa nyundo, Taisto alinyoosha mkono.

"Kwa hiyo naweza kuipa kanuni yoyote ya mashindano, ikanipa mshindi?"

"Unaweza."

Msimu mzima alifanya kazi. Aliingiza matokeo yote ya miaka yote ya klabu, akaandika kanuni baada ya kanuni, akiyapitisha matokeo yale yale. Siku ya maonyesho ya wanafunzi alisimama na kutangaza, kwa sauti iliyotikisa vioo, kwamba imethibitika bila shaka yoyote kuwa yeye ni bingwa wa mwaka ule, iwapo kombe litatolewa kwa mvuvi mwenye hauki mmoja tu, aliyevuliwa kwa mkono wa kushoto, baada ya chakula cha mchana. Tulisimama tukampigia makofi. Darasa la ufinyanzi likamtengenezea kombe. Limepinda, linavuja, na yeye huliogesha kama mtoto.

Tangu hapo vyuo vya miji jirani vimekuja kujifunza kwetu, na mashine walizokuwa wanataka kutupa zimerudi makwao zikiwa nyepesi na zenye furaha. Vijana wawili wa darasa la Aulikki leo wanaishi kwa kazi hii. Hilja aliandika programu ya siku za kuzaliwa za kila mtoto aliyempokea. Mji mzima sasa unapigiwa simu asubuhi na kuimbiwa, na hakuna anayethubutu kutopokea. Mazoezi ya mgongo yalipata ukumbi wa juu, ambao una mwanga mzuri zaidi.

Jumanne iliyopita Aulikki alitoa somo lake la mwisho. Hakuna aliyetoa hotuba, maana sisi ndivyo tulivyo. Alifuta ubao, akachukua chungu chake cha maua, akakuta hatuondoki. Tulikuwa tumekaa tu, watu wazima wote, tunatazama meza. Urpo ndiye aliyeshindwa kwanza. Alitoa leso na kupuliza pua kama meli inayoingia bandarini. Aulikki akarudisha chungu mezani, akaketi katikati yetu kwenye kiti cha mwanafunzi, na tukakaa hivyo pamoja mpaka mlinzi alipokuja kufunga. Naye pia akaketi.

Nilimuuliza atafanya nini sasa. Akanijibu kwamba amejiandikisha kwenye kwaya yangu. Nilimkumbusha kwa upole kwamba nimemsikia akiimba. "Ndiyo maana," akasema. "Huko sijui kitu kabisa!" na macho yake yakawaka.

Mwalimu Aulikki, asante kwa kila mlango uliotufungulia na kwa kila kosa ulilotusahihishia ukicheka. Afya ikukae, sauna iwake, barafu ikubebe, na Taisto akuchomee mikate ya samaki miaka mingi. Kwaya ni Jumatano. Tumekuwekea kiti katikati ya sauti za pili, mbele kabisa, na tutaimba kwa nguvu zaidi.